Kelele kwa Nani, Muziki kwa Nani?

Juma hili nataka tuzungumze juu ya ubishi. Si ubishi wa mpira wala wa siasa, bali ubishi wa muziki, ambao hapa Somanda, mjini Bariadi, umekuwa ukiendelea kwa muda baina yangu na wapenzi wenzangu wa muziki. Chanzo chake ni albamu moja ya roki iliyotoka mwaka 2020. Waliyoitengeneza ni vijana wawili wa Nairobi, Martin Khanja na Sam Karugu, ambao kwa pamoja walijiita Duma, na albamu yenyewe ikaitwa hivyo hivyo.

Nianze na jina, maana hata jina lilituletea ubishi. Sisi Waswahili tukisikia duma tunamwona yule mnyama wa Serengeti mwenye mbio kuliko wanyama wote wa nchi kavu, na kutoka hapa Bariadi mbuga yake si mbali. Lakini vijana wale walichukua neno hilo kutoka lugha ya Kikuyu, ambamo lina maana ya giza. Mtu akiisikiliza albamu yao ataona kwamba maana zote mbili zinafaa. Mbio zimo, na giza limo.

Kwa wale ambao hawajaisikia, nitaieleza kwa kifupi. Ngoma zake zimepangwa kwa kompyuta, nazo hupigwa kwa kasi ambayo mkono wa binadamu haungeiweza. Magitaa na vyombo vya umeme vinakwaruza kama bati linaloburutwa juu ya mawe. Juu ya hayo yote, Khanja haimbi kama Mbaraka Mwinshehe au Marijani Rajab walivyoimba. Anapiga mayowe, ananguruma, anakoroma. Aina hii ya roki nzito ilianzia Uingereza na Marekani, na vijana wa Nairobi wamekuwa wakiipiga kwa miaka mingi katika kumbi ndogo za mji ule. Khanja na Karugu walipitia bendi za huko zilizoitwa Lust of a Dying Breed na Seeds of Datura, kisha wakaenda Kampala kurekodi, na albamu ikatolewa na kampuni ya Nyege Nyege Tapes ya huko huko Uganda.

Basi, wenzangu wengi walisikiliza nyimbo mbili wakazima. Nilipowaambia kwamba mimi nimeisikiliza yote, tena zaidi ya mara moja, na kwamba naiona ni kazi ya maana, walinitazama kama mtu aliyelewa asubuhi. Hoja zao zilikuwa tatu. Ya kwanza, kwamba ule si muziki bali ni kelele. Ya pili, kwamba hata kama ni muziki, si wetu. Na ya tatu, kwamba muziki wa namna ile huharibu vijana, hivyo ni heri usipewe nafasi popote.

Ndugu wasikilizaji, hoja hizi si za kudharauliwa. Wanaozitoa ni watu wanaoupenda muziki kwa dhati, watu wanaoweza kukutajia nani alipiga gitaa la solo katika wimbo gani na mwaka gani. Lakini ni hoja zenye umri mrefu kuliko albamu hii, na nchi yetu imekwisha kuzijaribu. Kwa hiyo, badala ya kupigiana kelele juu ya kelele, napendekeza tuitazame historia, tuone kila hoja ilitufikisha wapi.

Tuanze na hii ya kelele. Wenzangu wanasema kwamba sikio la Mwafrika linapenda sauti safi, na kwamba mkwaruzo ni jambo la kigeni. Hapo sikubaliani nao hata kidogo. Nendeni Dodoma kwa ndugu zetu Wagogo mkaitazame ilimba, ile ala ya vijiti vya chuma inayopigwa kwa vidole gumba. Marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, aliipeleka ala hiyo katika majukwaa makubwa ya Ulaya na dunia ikampigia makofi. Fundi wa ilimba hutoboa matundu katika sanduku la ala, kisha huyaziba kwa utando wa buibui. Kwa nini afanye hivyo? Ni ili kila kijiti kikiguswa, utando ule utetemeke na sauti itoke ikivuma kama nyuki. Bila mvumo huo, ilimba huonekana kama chakula kisichotiwa chumvi. Yaani mzee yule anayetengeneza ala anauongeza mkwaruzo kwa makusudi, kwa ufundi, na kwa vifaa vya porini.

Hali kadhalika hapa kwetu Usukumani. Nani amewahi kuona mchezaji wa ngoma akiingia uwanjani bila njuga miguuni? Njuga haziimbi, njuga zinachakarisha. Zikiwa jozi ishirini, na ngoma kubwa ya bugobogobo inapigwa nyuma ya safu ya majembe, mgeni asiyezoea atasema nini? Atasema ni kelele. Na ndivyo walivyosema wageni wengi waliofika nchi hii zamani, wamisionari kwa watawala, waliposikia ngoma za usiku. Walikuwa na masikio mazima, ila yalikuwa yamefundishwa kusikia kitu kingine.

Mfano wa tatu ni wa Kongo. Pale Kinshasa mwaka 1966 ilianzishwa bendi iitwayo Konono N°1. Mwanzilishi wake, Mingiedi Mawangu, alitaka likembe yake isikike katika mji wenye magari na baa. Hakuwa na fedha za mitambo ya dukani, kwa hiyo wakatumia sumaku za vipuri vya magari mabovu kutengenezea vipaza sauti. Sauti iliyotoka ilikuwa ya kukwaruza vibaya sana. Wangeweza kuiona kama kasoro, lakini waliipenda, na ikawa ndiyo sura yao. Albamu yao ya Congotronics ilipotoka mwaka 2004, wapenzi wa roki huko Ulaya na Marekani waliishangilia, kwa sababu walisikia ndani yake jambo wanalolipenda katika magitaa yao wenyewe.

Na gitaa la roki nalo si muujiza. Kipaza sauti kikipewa nguvu kuliko uwezo wake, hushindwa kuitoa sauti nzima, hukata ncha za mawimbi yake, na hapo mkwaruzo huzaliwa. Wapigaji wa zamani waliliona hilo kwa bahati mbaya, kwa mitambo mibovu, wakalipenda, na baadaye viwanda vikatengeneza vyombo vya kuleta ubovu huo kwa makusudi. Tofauti ya utando wa buibui wa Dodoma, sumaku ya gari ya Kinshasa na gitaa la Nairobi ni ya vifaa. Hamu ni ile ile, kwamba sauti iwe na makali.

Kwa hiyo neno kelele halitoshi kuwa hukumu. Linaeleza sikio la msikilizaji limezoea nini, lakini halielezi kama kazi ni nzuri au mbaya.

Sasa tuje kwenye hoja ya pili, ile ya kwamba si yetu. Hii ina uzito zaidi, na aliyeisema kwa nguvu zaidi ni Mwalimu Nyerere mwenyewe. Tarehe 10 Desemba 1962, siku moja baada ya Tanganyika kuwa Jamhuri, Mwalimu alihutubia Bunge na kutangaza kwamba anaunda wizara mpya ya utamaduni wa taifa na vijana. Alisikitika kwamba wengi wetu tulikuwa hodari wa kucheza rumba, chachacha, twist na rock'n'roll, huku ngoma za mababu zetu hatuzijui hata majina. Mwalimu alikuwa na haki ya kusikitika. Ukoloni ulikuwa umetufundisha kuona haya kwa mambo yetu. Mtu aliyesahau ngoma ya babu yake kwa sababu ya aibu ni mgonjwa, na mgonjwa huhitaji dawa.

Lakini tuangalie nini kilitokea kwa ile rumba iliyotajwa. Rumba ilitufikia kwa santuri za Cuba zilizoanza kuuzwa Afrika katika miaka ya 1930. Vijana wa mijini wakaiga, wakatia Kiswahili, wakatia mapigo ya kwao. Mwaka 1964 chama cha wafanyakazi, NUTA, kikaanzisha bendi yake, NUTA Jazz. Ilipofika mwaka 1978, baadhi ya wanamuziki waliokuwa katika bendi hiyo ya wafanyakazi, wakiwemo Muhiddin Maalim Gurumo na Abel Balthazar, wakahamia Mlimani Park, na nchi ikagawanyika kati ya Sikinde na Msondo. Leo mtu akimwambia mzee wa Sikinde kwamba dansi lake si la Kitanzania, watagombana. Na ataungwa mkono na wote, maana dansi ni letu. Limekuwa letu kwa kupigwa, kuchezwa, kuliliwa na kuzikiwa. Hakuna aliyelipa cheti cha uraia.

Sasa, kama rumba ya Cuba iliweza kuwa yetu, ni sheria gani inayoizuia roki? Jirani zetu wa Zambia wana somo la kutufundisha. Rais Kaunda aliagiza kwamba sehemu kubwa kabisa ya muziki unaopigwa redioni uwe wa Wazambia. Pengine wakubwa walitazamia ngoma za vijijini. Lakini vijana wa miji ya shaba walikuwa na magitaa ya umeme, wakapiga roki yao, yenye mkwaruzo mwingi, na leo dunia nzima inaitambua miaka ile ya 1970 kwa jina la Zamrock. Agizo la kutaka muziki wa nyumbani lilileta roki ya nyumbani. Hapo ndipo tunapoona kwamba neno letu halina maana ya mambo ya kale tu.

Na sisi je? Ndugu wasikilizaji, hapa ndipo penye uchungu. Dar es Salaam ya miaka ya 1970 ilikuwa na bendi iliyoitwa Sunburst. Wanamuziki wake walitoka Tanzania na nchi nyingine, nao walichanganya roki, soul na mapigo ya ngoma, wakiimba Kiswahili na Kiingereza. Albamu yao, Ave Africa, ilitoka mwaka 1976. Lakini ilitokea Zambia, haikutokea kwetu. Hapa nchini hatukuwa na kiwanda cha kuchapa santuri, na studio iliyotegemewa na bendi nyingi ilikuwa ile ya Radio Tanzania. Bendi ambayo haikuwa dansi kamili wala ngoma kamili haikuwa na mlango wake maalumu. Miaka 40 ilipita. Mwaka 2016 kampuni ya Strut ya Uingereza ikazikusanya rekodi zao na kuzitoa upya. Leo kijana wa Bariadi akitaka kuwasikia Sunburst, atawasikia kwa hisani ya Mwingereza.

Hapo ndipo ninapowaambia wenzangu kwamba maneno mawili haya, si yetu, yana gharama. Tunayatamka kijiweni kwa urahisi, tukinywa kahawa. Lakini kitu kikishaitwa si chetu, hakuna anayekihifadhi, hakuna anayekinunua, hakuna anayemuuliza mwenyewe alikitengenezaje. Kisha huja mwenye nchi ya mbali akakiokota, akakisafisha, akakiuza. Na hapo tunalalamika kwamba wageni wanatuibia.

Hoja ya tatu ni ya vijana kuharibika. Hii nayo tumeijaribu, tena kwa amri. Mwezi Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulipitisha azimio la Operesheni Vijana, lililoanza kutekelezwa tarehe 1 Januari 1969, dhidi ya sketi fupi, suruali za kubana, nywele za bandia na mengineyo. Mwezi Novemba mwaka ule ule wa 1969, uongozi wa mkoa wa Pwani, ambao wakati ule ulikuwa na Dar es Salaam ndani yake, ukapiga marufuku muziki wa soul. Soul ndiyo iliyokuwa ikitikisa vijana wa mjini wakati ule, na James Brown ndiye aliyekuwa mfalme wake.

Ubishi uliotokea magazetini ulikuwa mkali. Waliounga mkono walisema soul ni upotofu wa kigeni usiopatana na taifa linalojenga ujamaa. Waliopinga waliuliza swali zito. Je, huu si muziki wa watu weusi wa Marekani, ndugu zetu wanaopigania haki zao? Mwaka 1968 James Brown alikuwa ametoa wimbo wa kuwataka watu weusi wajivunie weusi wao. Taifa lililokuwa likiwahifadhi wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika lingewezaje kuukataa? Lilikuwa swali zuri, lenye kustahili mjadala wa miezi. Lakini amri ilikwisha kutoka, na amri haibishaniwi.

Je, soul ilikufa? La hasha. Ilibaki katika masikio, ikaingia katika magitaa ya bendi, na vijana wa mwaka 1969 leo ni mababu wanaoheshimika, wenye wajukuu wanaowaambia kwamba wataharibika kwa kusikiliza singeli. Kilichopotea ni mjadala wenyewe. Hatukupata nafasi ya kuamua kwa masikio yetu ipi ni soul nzuri na ipi ni takataka, kwa maana zilikwenda zote katika kapu moja.

Msidhani mambo haya yameishia zamani. Mwezi Septemba 2018 huko Uganda, waziri wa maadili wa wakati ule, Simon Lokodo, alitangaza kulipiga marufuku tamasha la Nyege Nyege la Jinja, linaloendeshwa na watu wale wale walioanzisha kampuni iliyotoa albamu ya Duma. Alisema ni la upotofu. Baada ya siku chache serikali ikageuza uamuzi, tamasha likafanyika kwa masharti. Mwaka 1969 na mwaka 2018 vimetenganishwa na nusu karne, lakini maneno ni ndugu wa tumbo moja.

Basi kama amri si dawa, dawa ni nini? Je, kila mtu apige apendavyo na sisi tunyamaze? Hapana. Mimi si mmoja wa wale wanaosema kwamba muziki hauna hukumu. Muziki una hukumu, na sisi watu wa Simiyu ndio tunaopaswa kulijua hilo kuliko wengine, kwa sababu tumerithi mahakama yake.

Kila Msukuma anajua habari za Bagika na Bagalu. Simulizi za wazee zinasema kwamba walikuwepo mabingwa wawili wa ngoma na dawa, Ngika na Gumha, walioshindana nani ana nguvu zaidi. Wafuasi wa Ngika wakawa Bagika, wafuasi wa Gumha wakawa Bagalu, na hadi leo vikundi vya ngoma hujitambulisha kwa upande mmoja au mwingine. Baada ya mavuno, pamba ikiwa imekwisha kuchumwa na watu wana nafasi, vikundi viwili hukutana uwanjani. Hapo zamani havikupeana zamu. Vilicheza kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, kila kimoja kikitumia kila ujuzi wake: nyimbo za kejeli, nguo za ajabu, mizaha, na hata machatu mabegani. Mshindi alikuwa yule aliyevuta watu wengi zaidi. Watu waliamua kwa miguu yao, wakitoka huku kwenda kule.

Ndugu wasikilizaji, tuitafakari hekima ya mpango huo. Kwanza, mpinzani hakuzuiwa kuingia uwanjani. Bagika bila Bagalu hawana mashindano, wana mazoezi tu. Pili, hakuna aliyemwambia mwenzake kwamba unachocheza si ngoma. Walisema ngoma yako ni mbovu, dawa yako imeoza, mwimbaji wako ana sauti ya mbuzi, lakini uwanja waliugawana. Tatu, hukumu ilitolewa na watu walioona na kusikia pande zote mbili, si kwa fununu. Nne, aliyeshindwa mwaka huu alirudi mwaka ujao akiwa na nyimbo mpya, na ndiyo maana nyimbo za Usukumani hazikukauka.

Pwani nao walikuwa na kama hilo. Katika ngoma ya beni, iliyoenea tangu mwishoni mwa karne ya 19, walikuwepo Marini na Arinoti, waliopiga tarumbeta na kuvaa sare kwa kuiga majeshi ya wazungu. Hiyo nayo ilianza kama mambo ya kigeni. Mashindano yakaigeuza kuwa ya wenyewe.

Na mfano mwingine ni wa hapa karibu, Bujora, jirani na Mwanza. Katika miaka ya 1950 padre Mkanada, David Clement, alifanya jambo ambalo wamisionari wengi waliomtangulia wasingelithubutu. Aliziingiza ngoma na nyimbo za Kisukuma katika ibada, na sikukuu ya Ekaristi ikawa sikukuu ya mashindano ya ngoma, ambayo watu huiita Bulabo, yaani maua. Zile zilizoitwa kelele za wapagani zikapata nafasi mbele ya altare. Padre yule hakubadilisha ngoma hata moja ili ifanane na kinanda. Alibadilisha sikio la Kanisa.

Sasa nirudi kwenye albamu yetu, maana nisije nikaonekana ninaikwepa. Nikiiweka uwanjani kwa sheria za Bagika na Bagalu, nitasema nini?

Nitasema kwamba ufundi upo. Kupiga mayowe kwa dakika nyingi bila kukata koo ni kazi ya pumzi na mazoezi, kama ilivyo kwa mwimbaji wa ngoma anayeshinda juani tangu asubuhi. Nitasema kwamba ujasiri upo, kwani vijana hawa hawakuiga tu roki ya Ulaya, bali waliiunganisha na mapigo ya kompyuta yanayokwenda kasi kama singeli ya Manzese. Na nitasema kwamba hisia zipo. Kuna hasira na hofu ambazo haziwezi kuimbwa kwa sauti ya asali. Mtu akifiwa ghafla huangua kilio, wala hakuna jirani anayemwambia alie kwa mpangilio.

Lakini nitawapa wenzangu haki yao pia. Wanapolalamika kwamba maneno hayasikiki, wanasema kweli, na kwetu sisi hilo ni jambo kubwa. Sisi ni watu wa mashairi. Wimbo kwetu ni barua, ni gazeti, ni kesi. Khanja, ambaye jukwaani hujiita Lord Spikeheart, alitoa albamu yake mwenyewe mwaka 2024, The Adept, akiielekeza kwa kumbukumbu ya mama wa ukoo wake, Muthoni wa Kirima, yule mama shujaa aliyepigana msituni katika Mau Mau hadi kufikia cheo cha Field Marshal, na ambaye alifariki Septemba 2023. Hiyo ni historia nzito. Lakini msikilizaji asiyesoma maelezo ya albamu atayajuaje hayo kutokana na mayowe peke yake? Hapo dansi na taarab vinaishinda roki hii, na wapenzi wake vijana wakubali kushindwa. Wasituambie kwamba asiyeielewa ni mshamba au amezeeka. Dharau ya kijana kwa mzee haina tofauti na dharau ya mzee kwa kijana. Zote mbili zinafunga masikio.

Basi wenzangu wa Somanda na wengine wote mnaonisikiliza, ninaomba mambo matatu. La kwanza, tusihukumu kwa nyimbo mbili. Kikundi kinapoingia uwanjani hupewa nafasi hadi jua lizame. La pili, tukibishana, tuseme kazi ni mbaya kwa sababu hii na hii, lakini tuache kusema si muziki na si yetu, kwani maneno hayo hayabishani na kazi bali yanaifukuza. La tatu, tuhifadhi. Kama una kaseti ya kikundi cha ngoma cha Itilima au Maswa, kama una santuri ya bendi iliyokufa, hata kama huipendi, usiitupe. Mjukuu wako anaweza kuwa na sikio ambalo wewe hukujaliwa, na ni heri aikute kabatini kwako kuliko kuinunua London.

Mimi na wenzangu bado hatujapatana juu ya Duma, wala sidhani kama tutapatana. Mmoja amekubali kuisikiliza hadi mwisho, kwa sharti kwamba baada yake tusikilize Tabora Jazz. Nimelikubali sharti hilo, na wengine wanaotaka kubishana wanakaribishwa. Wahenga walisema penye wengi hapaharibiki neno, nami naongeza kwamba wengi hao wakiwa na fikra moja tu, neno lenyewe halipatikani.

Kwa leo naishia hapa. Tukutane tena juma lijalo, panapo majaliwa.